Mkomamanga Usio na Mgongo

Jirani yangu mpiga picha ana koti jeusi la wateja, na koti hilo halina mgongo. Ukiliona lilivyotundikwa kwenye msumari pale studioni utaona kola iliyosimama, vifungo vitatu, mikono miwili kamili, na mfuko wa kifuani wenye kitambaa cheupe kilichoshonewa humohumo kisije kikaibwa. Ligeuze sasa. Hakuna kitu. Kuna kamba nne tu, kama aproni ya muuza nyama. Mteja wa picha ya pasi aliyekuja na fulana huingizwa mikono, hufungwa kamba kwa nyuma, na kwenye picha anatoka meneja wa benki. Akiinuka kitini na kugeuka, ni mgonjwa aliyetoroka wodini.

"Koti zima la nini?" huniambia nikimcheka. "Kamera ina jicho kisogoni?"

Mtaani tunamwita Kidevu Juu, maana hiyo ndiyo amri yake ya kwanza kwa kila binadamu anayekaa mbele yake. "Kidevu juu. Juu kidogo. Umezidisha, shusha. Hapohapo. Usipumue." Halafu anashughulika na taa, anasahau kumwambia mtu apumue. Ndiyo sababu watu wa mtaa wetu kwenye vitambulisho vyao vyote wana sura ya mtu aliyepokea simu ya msiba.

Na koti si ajabu pekee. Nyumba yake imepakwa rangi ya maziwa upande wa barabarani, kuta tatu zilizobaki ni lipu kavu. Shati analinyoosha kifua na kola, mgongoni limekunjamana kama barua iliyotupwa. Mkewe, ambaye ndiye anayewapaka wateja poda na kuwapanga kwenye benchi, na sote tunamwita Mama Studio, aliniambia siku moja: "Shemeji, mimi mwenyewe tangu anioe, siku nikisuka nywele anasifia za mbele tu."

Mimi nauza milango na madirisha yaliyokwisha kutumika. Nilianza na mlango mmoja wa choo, tena wenye tundu, na leo uwanja umejaa mpaka napita ubavu. Kwa hiyo ile methali ya nyumba njema si mlango huwa siitumii, inaniharibia biashara. Lakini nikimtazama Kidevu Juu nakubali kimoyomoyo kwamba aliyeitunga alikuwa na jirani kama wangu.

Sasa mti. Mwaka aliofungua studio, miaka ishirini na sita iliyopita, alinunua mche wa mkomamanga kwa mtu aliyemwapia kwamba utazaa matunda makubwa kama kichwa cha mtoto. Mimi ningemwambia aniletee kwanza tunda, ndipo tuzungumze mche. Yeye alimwamini. Mti ulipozaa, ulizaa makomamanga madogo kama vitasa vya mlango, magumu kama vitasa vya mlango, na ukiling'ata moja masikio yanasogea. Popo alikuja usiku mmoja, akaonja, hakurudi. Ulikuwa mkomamanga wa kutazamwa tu, wa mapambo, na Mama Studio alitaka ung'olewe upandwe mlimao. Lakini maua yalipotoka, mekundu kama makaa yaliyopulizwa, Kidevu Juu aliyatazama kupitia kamera, na tangu siku hiyo mti ukawa mfanyakazi wa studio.

Uko kwenye kiwanja chake, umeegemea ukuta wa kugawana kati yangu na yeye. Chini yake kuna benchi lililopakwa rangi nyeupe, na kwenye miguu ni ile miwili ya mbele tu. Na juu ya benchi linapita tawi moja nene, limepinda kama nyusi, likining'iniza maua na vitunda vyake juu ya vichwa vya maharusi. Tawi lile ndilo studio yenyewe. Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni, hata anayeomba msaada. Wanaokwenda kwa Kidevu Juu ni wa aina mbili: wanaotaka picha ya pasi, na wanaotaka tawi.

Na mti aliutunza, msimwonee. Kila asubuhi alifuta majani kwa kitambaa chenye maji, akang'arisha vitunda kwa mafuta ya kupikia. Ila ni majani ya mbele. Maji alimwaga mbele. Matawi makavu ya mbele aliyakata. Nyuma ya mti, upande wa ukutani, hakuna aliyekwenda, kwa sababu nyuma hakutokei kwenye picha.

Siku ya Jumatatu alikuja Mama Famasi, yule mwenye duka la dawa pale kona, mwanamke anayezungumza na kila mtu kana kwamba amesahau kumeza vidonge vyake. Binti yake angeolewa Jumamosi. Akasimama mbele ya kioo cha studio, akaigusa kwa kidole picha ya zamani kuliko zote mle: yeye mwenyewe, mbichi, na marehemu mumewe, juu yao tawi lenye maua.

"Kaka, nataka hii. Mahali palepale, benchi lilelile, tawi lilelile. Maharusi tu ndio wabadilike."

"Utaipata, dada. Tena bora."

"Sitaki bora. Nataka hii. Nisipoipata hii, mpwa wangu ana simu yenye macho matatu, atatupigia bure kwenye bustani ya hospitali."

Akaenda kukaa kwenye benchi kujaribu. Alipoketi tu, kikamwagika kitu begani mwake, unga laini wa kahawia. Akauchukua kwa vidole, akausugua, akaunusa kama anavyonusa dawa iliyopitwa na tarehe.

"Mti wenu unaumwa."

"Hiyo ni poda ya maua," akasema Kidevu Juu haraka.

"Maua ni mekundu, kaka. Hii imetoka kwenye mbao."

Alipoondoka, Kidevu Juu alipanda juu ya benchi akatazama. Pale tawi linapoungana na shina kulikuwa na ufa mrefu kama kiganja, na ndani ya ufa giza, na ndani ya giza sisimizi wanaotembea kwa mstari kama wana miadi. Mtu mwingine angeita fundi. Yeye miaka yote hiyo kazi yake imekuwa kufuta chunusi za watu, makovu na kasoro za pua. Alichokiona pale hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa doa.

Jumanne asubuhi aliuziba ufa kwa puti ya ukutani. Ilipokauka, akaipaka rangi ya kahawia, kisha akachukua brashi ile nyembamba anayochorea nyusi za mabibi harusi, akachora gome: mistari, vifundo, hata kovu moja la uongo ili lionekane la kweli. Nakiri, kazi ilikuwa nzuri. Ingekuwa mlango ningeuuza kama mpya. Alasiri sisimizi walifungua mlango mwingine, sentimita tano pembeni, wakaendelea na miadi yao.

"Unampaka poda mgonjwa," Mama Studio akasema.

"Tatizo liko wapi kama haonekani mgonjwa?"

"Mficha maradhi, Baba. Malizia mwenyewe."

Hakumalizia. Alikwenda kununua makomamanga ya plastiki, makubwa, yale aliyoahidiwa miaka ishirini na sita iliyopita, akayafunga kumi kwenye tawi kwa utepe mwekundu ili macho ya watu yaende huko. Tawi likalia krii. Akayapunguza yakabaki matano. Likalia kidogo. Akabakiza moja, kule nchani.

Ndipo Mama Studio, bila kumwuliza, alipokwenda hospitali kumwita mtunza bustani wao. Ni mama mmoja mfupi, ana msumeno wa kukunja kwenye mkoba wa sokoni, na maneno anayatumia kama mtu anayelipishwa kwa kila moja. Alikuja Jumatano. Aligonga tawi kwa kifundo cha kidole, kama anachagua tikiti. Likajibu kama debe. Akatoa bisibisi ndefu, akaisukuma kwenye lile gome la kuchorwa. Bisibisi iliingia hadi mpini, bila kelele.

Kidevu Juu alishika shavu lake mwenyewe kana kwamba amechomwa yeye.

"Tawi limekwisha," mama akasema. "Lakini tawi si kitu. Uozo unashuka shinani. Umebakiza upana wa vidole vitatu. Likikatwa kabla ya mvua, mti unapona. Mvua ikiingia kwenye tundu hilo, mwakani mna kuni."

"Nikishapiga picha ya Jumamosi, Jumapili ulikate."

"Ijumaa. Jumamosi naenda likizo mwezi mzima. Na mawingu hayo hayasomi kalenda yako." Akazunguka benchi, akajaribu kuchungulia ukutani. "Nyuma kukoje?"

"Nyuma hakuna kitu," Kidevu Juu akasema, kwa moyo mweupe kabisa.

"Nataka kupaona."

Upande wa nyuma wa mti unaingilia kwangu. Ukuta ulibomoka pale zamani, nusu ya shina na nusu ya mashina ya matawi ikajisogeza ndani ya uwanja wangu, nami nikapanga milango kuuzunguka. Kufika pale lazima utokee barabarani, uzunguke kona, uingie kwa lango langu, upite kati ya milango, ukate kulia kwenye madirisha ya vyuma, kushoto kwenye fremu, kulia tena. Wateja wangu wenyewe hupotea humo, na aliyepotea hupatana bei vizuri zaidi. Kidevu Juu huja kwangu kila siku kunywa chai, lakini hukaa pale mbele. Nyuma hakuwahi kufika.

Basi nikatangulia, nyuma yangu mtunza bustani, kisha Kidevu Juu, kisha Mama Studio. Tulipokata ile kona ya mwisho, Kidevu Juu akasimama ghafla.

Mbele yetu kulikuwa na dude. Shina jeusi, lina uyoga uliojipanga kama masikio. Matawi makavu yasiyo na jani hata la kusingizia. Utandu wa buibui, mfuko wa nailoni ulionasa tangu enzi, na katikati shimo ambalo paka angeweza kulala na wageni.

"Jirani!" akasema, ameshika kiuno. "Hili jinamizi ni la nani?"

Mtunza bustani akanitazama. Mimi nikatazama fremu za milango.

"Unaishi na kitu kama hiki miaka yote, huogopi? Mwenye mti huu ni mzembe wa kupelekwa kwa hakimu. Mtu gani anaacha mti ufike hapa? Hata kama hana haya, hana majirani?"

Mama Studio alikuwa ameshajishika tumbo. Alikaa juu ya rundo la vizingiti, akacheka mpaka poda ya kazini ikachora mifereji.

"Ucheke nini? Nasema kweli! Ningekuwa mimi jirani, ningeukata leoleo, aje anishitaki."

"Baba," akasema Mama Studio alipopata pumzi, "inua kidevu."

Aliinua. Juu kabisa, upande wa pili wa lile jinamizi, kati ya majani yaliyong'arishwa, lilikuwa linaning'inia komamanga moja kubwa la plastiki, lenye utepe mwekundu.

Nilihesabu kimoyomoyo nione ataelewa lini. Nilifika kumi na tisa.

"Kumbe," akasema.

Ingeishia hapo ningefurahi, lakini mtunza bustani alikuwa amepiga goti karibu na shimo, anakwangua kwa bisibisi. Kikasikika chuma.

"Na mnyororo huu?"

Mnyororo ulikuwa umelizunguka tawi pale linapotoka shinani, umezama ndani ya gome kama pete kwenye kidole kilichonenepa, na mwisho wake kufuli yenye rangi ya kijani. "Hapa ndipo palipoanza," akasema. "Chuma kimebana, gome limekufa, maji yameingia. Miaka kumi hivi. Nani kaufunga?"

Katika biashara, anayetaja bei kwanza ndiye anayepoteza. Nikavutiwa sana na dirisha moja. Lakini Mama Studio alikuwa ameacha kucheka, na macho yake yalikuwa yanashuka polepole kutoka usoni kwangu hadi kiunoni, ambako huning'iniza funguo.

"Shemeji. Huo ufunguo wenye rangi ya kijani ni wa wapi?"

Nitasema ukweli kama ulivyo. Miaka kumi iliyopita nilipata mlango wa mbao nzito, umechongwa maua, mlango wa maisha. Niliogopa wezi. Nikaufunga kwa mnyororo kwenye kile nilichodhani ni kisiki. Niliuuza vizuri mwezi uliofuata. Mnyororo ukabaki, nikausahau, maana ulichokuwa unalinda kilishaondoka.

"Kwa hiyo wewe umeufunga, na huyu hakuutazama," mtunza bustani akasema, akiifunga bisibisi yake kwenye kitambaa. "Mmesaidiana vizuri. Ijumaa saa tisa nipo hapa. Mkikataa, niambieni nikae na watoto wangu."

Siku ya Alhamisi Kidevu Juu hakufungua studio. Nilimkuta amekaa kwenye benchi, ameweka kichwa chini ya tawi kana kwamba anataka limwangukie wamalizane.

"Likate," nikamwambia. "Bidhaa iliyooza haisubiri mnunuzi."

"Jirani, bila tawi mimi ni mashine ya picha za pasi. Mama Famasi atampa kazi mpwa wake wa macho matatu. Akitoka yeye, mtaa mzima unatoka. Bora mti ufe mwakani nikiwa mpiga picha, kuliko upone leo mimi niwe mtu mwenye benchi."

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi, wala sitaki kumdharau. Akilikata anapoteza studio. Asipolikata anapoteza mti, kisha studio. Hesabu ya mtu mwenye njaa ni kuchelewesha.

Mama Studio alitoka ndani amebeba ile picha ya kwenye kioo, fremu na vyote. Akaiweka mapajani kwa mumewe.

"Tawi hili lina miaka mingapi?"

"Lilikuwepo tangu tulipofungua. Silo hili hapa?"

"Mti uliupanda lini?"

"Tulipofungua."

Akamwacha alitafune hilo. Kisha akachukua bisibisi ya cherehani, akang'oa misumari ya fremu, akatoa kioo, akatoa karatasi ngumu ya pembeni inayopamba picha. Karatasi ile ilikuwa inaficha pande zote, upana wa vidole vinne. Chini yake picha iliendelea. Juu kushoto, kulikuwa na mkono wa mwanamke umekamata tawi kwenye kitako chake, kiwiko na bangili. Pembeni kabisa tumbo kubwa lenye gauni la madoadoa. Chini, mguu usio na kiatu umesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa. Na karibu na kiatu cha bwana harusi, kijiti chenye majani sita, kimefungiwa kwenye kigingi kisianguke.

"Mti wako huo hapo," akasema. "Unamfika marehemu kwenye soksi. Tawi nililikata kwenye ua wa posta. Na mkono huo ni wangu, na tumbo hilo ni la mwanao wa kwanza, miezi saba, na ulipiga mara kumi na moja kwa sababu Mama Famasi alikuwa anafumba macho."

Kidevu Juu aliisogeza picha karibu, akaisogeza mbali.

"Nilisahau," akasema.

"Hukusahau. Ulinikata ukanitoa. Halafu ukaishi na kilichobaki."

Mwisho akainua macho, si kwa mkewe, kwa tawi. Nilimwona anapima urefu, anapima uzito. Uso ule naujua. Ni wa mtu aliyegundua kwamba bidhaa anayoililia iko ghalani.

"Ndoo ile tunayo bado?" akauliza.

Ijumaa saa tisa tawi lilikatwa. Mtunza bustani hakulikata kwa pigo moja. Alianza chini, msumeno ukaenda robo, ili gome lisichanike likateremka na shina. Akahamia juu, mbele kidogo, tawi likashuka mikononi mwetu. Kisha akasafisha kisiki hadi kwenye ule uvimbe kama kola unaozunguka mahali tawi linapotoka. Uvimbe wenyewe hakuugusa. Akaiona mbao ya ndani: pembeni nyeupe, imara. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mnyororo tuliutoa kwa tupa, kwa sababu ufunguo wangu ulivunjikia ndani.

Kidevu Juu akatokea na kopo la rangi ya kahawia.

"Weka chini," mama akasema.

"Kidogo tu, pembeni."

"Kidonda cha mti hakipakwi. Kinajifunga chenyewe. Ukikifunika unafungia maji ndani."

"Lakini kinaonekana!"

"Kionekane."

Sijapata kuona mtu akiteseka vile kwa kitu kisichomuuma yeye. Alisimama na brashi hewani, akaishusha, akaipandisha, hadi mkewe alipomnyang'anya. Nusu ya tawi iliyooza tuliichoma. Nusu ya nchani, mita mbili zenye majani na maua, ililala usiku ule studioni ndani ya ndoo ya maji, imevikwa khanga ya Mama Studio isipigwe na feni, kama mgeni wa heshima.

Likabaki swali moja.

"Mimi hapana," Mama Studio akasema. "Mkono wangu ulistaafu zamani."

Wakanigeukia wote wawili.

"Jumamosi ndiyo siku yangu ya wateja," nikaanza. "Tena nina bega. Labda tuseme nusu saa, halafu..."

Mama Studio aliuokota ule mnyororo, akauchezesha taratibu kwenye kiganja. Nikasema nitaleta ngazi yangu mwenyewe.

Saa nne kamili walifika. Bibi harusi na shela, bwana harusi na kola inayomkaba, Mama Famasi na amri zake. Mimi nilikuwa juu ya ngazi upande wangu wa ukuta, kichwa nimekiingiza kwenye lile shimo la paka, ambalo sasa tawi limekatwa lilitokeza hadi mbele, mikono nimeipitisha juu, nimeshika kitako cha tawi. Kutoka mbele, haki ya Mungu, lilikuwa tawi. Tatizo ni kwamba sisimizi hawakuambiwa kwamba mkataba umekwisha.

"Kidevu juu," nikamsikia. "Juu kidogo. Bwana harusi, umezidisha."

Wa kwanza aliingia kwenye mkono wa shati.

"Tawi linatetemeka," akasema bwana harusi.

"Upepo."

"Mbona majani mengine yametulia?"

"Ni upepo wa juu tu. Usipumue."

Wa pili na wa tatu walifika kwapani. Nilifanya kitu kwa bega, komamanga la plastiki, ambalo hakuna aliyekumbuka kulitoa, likakatika utepe, likamgonga bwana harusi utosini, poo, likadunda benchini, likadunda tena, likaviringika hadi miguuni mwa mama mkwe wake. Mama Famasi aliliokota. Alilibonyeza. Likalia kama bata.

Nikasikia viatu vyake vikija ukutani. Akaegemea shina, akachungulia kwenye shimo. Tukatazamana, pua kwa pua, mimi na sisimizi wangu.

"Wewe ndiye uliyekuwepo hata mwaka ule?" akaninong'oneza.

"Hapana, mama. Aliyekuwepo amestaafu."

"Na tawi lenyewe?"

"Lilikuwa linaumwa. Tumelikata jana. Mti utapona."

Aliwaza. Nyuma yake nilimwona Kidevu Juu ameganda karibu na kamera, mkono kifuani, uso wa picha ya pasi kabisa. Miaka ishirini na sita ilikuwa imesimama kwenye mdomo wa yule mama, na mdomo ule si wa kuaminika.

"Basi shusha kidogo," akaninong'oneza. "Langu lilikuwa chini zaidi. Linagusa shela."

Nikashusha.

Akarudi, akamwambia Kidevu Juu kwa sauti ya kawaida: "Kaka, piga. Na safari hii usimkate mtu. Wewe ulidhani nilikuwa nafumba macho kwa sababu ya jua? Kila nikiyafumbua nilikuwa naona mguu wa mja mzito juu ya ndoo. Marehemu alinibana mkono nisicheke hadi ukafa ganzi. Picha hiyo ndiyo kicheko changu cha kwanza cha ndoa. Kwa nini unafikiri naitaka ileile?"

Hapo bibi harusi, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajapumua, alipasuka kicheko, bwana harusi naye huku anajishika utosi, na Kidevu Juu akabonyeza bila kusema kidevu juu. Ndiyo picha pekee aliyowahi kupiga ya watu wanaopumua.

Sasa iko kwenye kioo, pembeni ya ile ya zamani, zote mbili bila karatasi ya kuficha. Kwenye moja kuna Mama Studio, bangili, tumbo na ndoo. Kwenye nyingine kuna kidole gumba changu na nusu ya sikio. Maharusi wanaokuja wanataka hivyohivyo, tawi na mkono wake, wanasema ndoa isiyoshikiliwa na mtu nyuma haisimami. Tawi sasa lina majani ya bandia na linakwenda hata kwenye kumbi za mbali, jambo ambalo mti haukuweza. Masharti yangu ya kulishika nimeyapanga mimi, na ngazi nailinda mimi. Kwa sisimizi natoza zaidi.

Mvua ilinyesha wiki iliyofuata. Kidonda kimeanza kujifunga pembeni, kinakunja midomo kama mtu anayetaka kupiga mluzi, na upande wangu, kwenye lile jinamizi, yametoka machipukizi mekundu saba. Kila asubuhi Kidevu Juu anazunguka kona, anapita kwenye milango yangu, anapotea mara moja au mbili, anafika na kitambaa chenye maji na kuyafuta moja moja. Ukuta wa nyuma wa nyumba ameupaka rangi. Shati amenyoosha hadi mgongoni.

Juzi nikaona basi ndio wakati, nikamwambia sasa amalizie, alitie na lile koti mgongo.

Alinitazama kama mtu aliyeniona nimechanganyikiwa.

"Jirani," akasema, "umeona wapi koti likiota machipukizi?"